Meza ya Tatu

Jumatatu, 4 Machi 1996

Miezi minane leo. Nimehesabu kwa vidole nikivaa gamboti za mpira. Miezi minane ya kunuka samaki, mbuta wa ziwani! Naoga, najisugua kwa sabuni ya kufulia, nanuka mbuta vilevile. Na sasa nywele zinatoka. Asubuhi nimetoa fungu zima kwenye kichana nikalitupa haraka kabla Wamaitha hajaliona. Binamu yangu huyo ana maneno mengi, na mimi sina nguvu ya kumjibu.

Kiwandani hapa Kisumu hakuna aliyenisalimu. Tuseme ukweli — hata mimi sikumsalimu mtu. Watu wa hapa wakifika kazini wanataka kuzunguka ukumbi mzima wakishikana mikono, mmoja mmoja, habari ya nyumbani, habari ya mgonjwa, habari ya ng'ombe, na samaki wanangoja! Nilikomesha hayo wiki yangu ya kwanza kama supavaiza. Niliandika ubaoni kwa herufi kubwa: HAKUNA MAZUNGUMZO MEZANI. KISWAHILI TU. Bado ziko pale. Tangu siku hiyo wananiita Jakuyu, yaani Mkikuyu, lakini si mbele yangu. Niiteni mnavyotaka. Mradi mkate samaki.

Meneja ameniita ofisini. Bwana Waliaula ni mtu wa Bungoma, mgeni hapa kama mimi, lakini yeye ameshazoea, anacheka na kila mtu halafu anawafuta kazi akiwa bado anacheka. Anasema oda ya Ulaya imeongezwa. Tani mbili zaidi kila siku mpaka Pasaka. Watu ni walewale, visu ni vilevile. Nikamuuliza, na uhamisho wangu je? Akasema, fikisha hizo tani, mwisho wa mwezi natia sahihi, unarudi tawi la Thika.

Thika! Nikiwa Thika, kila Jumamosi nafika nyumbani Othaya kabla ya chakula cha usiku. Binti yangu Nyaguthii ana miaka mitano. Anamwita mama yangu "mami." Mimi ananiita Gakenia, kama jirani.

Nitafikisha. Hata kama ni kwa meno.

Jumanne, 5 Machi

Nimepanga ukumbi upya. Zamani kila mtu alisimama alipopenda na kumaliza samaki wake mwenyewe, kupasua, kuchuna ngozi, kusafisha. Upuuzi. Sasa ni wawili wawili, uso kwa uso, meza katikati. Mmoja anapasua, anasukuma fileti ng'ambo, mwenzake anachuna. Hivyo ndivyo tulivyofanya na nyama Thika.

Meza ya tatu ndiyo nitakayojivunia. Kwa kupasua nimemweka Mama Dorca. Ni mtu wa Asembo, amevuka hamsini, amesimama katika ukumbi huu miaka kumi na mmoja. Miguu imemvimba ndani ya gamboti, lakini kisu chake hakisimami. Mbele yake nimemweka Obiero. Kijana ana mabega, ana mwaka mmoja tu hapa, na mwaka wote huo amejificha meza ya kwanza kule mlangoni. Ufundi na nguvu. Watanipeleka Thika hao wawili.

Nilipoyasoma majina hayo mawili ukumbi mzima ulinyamaza. Hata maji ya bomba yalisikika. Seline wa mizani akafungua mdomo. Nikamwonyesha ubao. Akaufunga.

Obiero alichukua muda mrefu sana kutoka mlangoni hadi meza ya tatu.

Alhamisi, 7 Machi

Kioja! Meza ya kwanza imepanda. Ya pili imepanda. Ya tatu — ile yangu ya kujivunia — imekufa.

Obiero anasimama upande, bega ndilo linaloangalia meza, kama mtu aliyejikinga mvua kwenye baraza ya duka. Mama Dorca amevuta kofia mpaka kwenye nyusi. Anapasua fileti, anaiweka kwenye ukingo, anarudi nyuma hatua mbili. Ndipo huyo bwana anasogea, anachukua, anakwenda kuichunia kando kwenye beseni. Kisha anangoja yule mama ageuke ndipo arudi. Nimepima kwa saa: samaki mmoja, dakika nne! Mtoto wa shule angewashinda.

Mchana Obiero akajikata. Si ajabu, mtu anachuna ngozi akiangalia dari! Damu kwenye fileti, kreti nzima imetupwa. Waliaula alikuwa amesimama mlangoni, anatabasamu.

Nikamuuliza Obiero mbele ya watu, wewe una nini? Akasema, "Madam, nirudishe kule kwa mlango." Kwa nini? Akafunga kidole chake kitambaa. Nikamgeukia Mama Dorca. Akaokota samaki mwingine. Nikawaambia basi mtabaki hapohapo mpaka mzoee.

Chooni nimewasikia wanawake wakinong'ona kwa Kijaluo. Jakuyu, Jakuyu, halafu kicheko. Nilipotoka wakanawa mikono kwa pamoja kama malaika. Wamekula njama. Wanataka nishindwe, niondoke. Na mimi nataka hilohilo la kuondoka, lakini kwa mlango wa mbele.

Ijumaa, 8 Machi

Vilevile. Koo limekauka kwa kupiga kelele. Nimekula mkate nikiwa nimesimama.

Jumapili, 10 Machi

Nimelala mpaka saa saba mchana. Wamaitha ametoka kanisani ananikuta na nguo za jana. Ana miaka kumi na miwili Kisumu, anauza viazi soko la Kibuye, na hapa mtaani Manyatta kila mlango unamjua. Anabishana Kijaluo na mama wa nyumba mpaka wanapigana makofi ya mgongo. Mimi hata jina la huyo mama silijui.

Ati, "Gakenia, wewe unaishi hapa kama mtu anangoja basi."

Nikamwambia, ndiyo, nangoja basi, kuna ubaya?

Akakaa kitandani akaniuliza kazini kuna nini, mbona nasaga meno usingizini. Nikageukia ukuta. Nikamwambia niache, Wamaitha, tafadhali, niache. Akaniacha. Alinipikia mukimo nikaukuta umepoa.

Jumatatu, 11 Machi

Leo nimemshika mtu mabega.

Obiero alikuwa amenipa mgongo, ameipa meza mgongo, ameipa kazi mgongo. Nikawaka. Nikamshika kwa mikono yote miwili nikamgeuza kama unavyogeuza mlango, nikamwambia, angalia hapa, huyu ndiye mwenzako, mwangalie! Mwanamume mzima akafumba macho. Akasimama hivyo, kisu mkononi, macho amefumba, na Mama Dorca upande wa pili akajifunika uso kwa aproni.

Ukumbi mzima uliniangalia. Sijawahi kuangaliwa hivyo hata na mbwa.

Nimemwandikia Obiero barua ya kwanza ya onyo. Alitia sahihi bila kuisoma.

Wakati wa chai niliingia chumba cha baridi kulia. Ndipo ninapolia siku hizi, hakuna mtu anayekaa humo. Nikamkuta Mama Dorca. Ameegemeza paji la uso kwenye ukuta wa barafu, mikono imening'inia, amelala. Amesimama na amelala! Midomo imegeuka rangi. Nilitaka kumwamsha nikafikiri, nimwamshe arudi wapi? Nikavuta mlango polepole nikaenda kulilia chooni.

Jumanne, 12 Machi

Waliaula anasema tani hazijafika kwa sababu ya meza moja. Anacheka. Anasema, "Dada yangu, kuna jino bovu hapo, ling'oe." Anataka jina moja. Fomu ya kumwachisha mtu kazi iende Nairobi Jumatatu ijayo, na Jumatatu hiyohiyo karatasi yangu ya Thika itaenda katika bahasha moja nayo.

Bahasha moja. Alivyolisema hilo taratibu!

Nimemwandikia Obiero barua ya pili.

Jumatano, 13 Machi

Nataka kuandika hili vizuri kwa sababu silielewi.

Jana jioni nilikaa nikafikiri. Nikasema, Gakenia, hawa wawili wamegombana tu. Pengine shamba, pengine maneno. Umewapigia kelele, haikusaidia. Jaribu wema. Kweli kabisa, nilisema hivyo! Kwa mara ya kwanza katika miezi minane nilitaka kumfanyia mtu wa hapa jambo zuri.

Saa ya chakula nikaenda kantini mwenyewe. Nikanunua sahani moja kubwa ya ugali, mboga na nyama. Nyama, si samaki, niwafurahishe. Nikaweka sahani kwenye benchi katikati ya ukumbi wa kulia. Nikamwita Mama Dorca. Akaja, maana yeye haitwi mara mbili. Nikamkalisha. Kisha nikamfuata Obiero kule nje anakokula peke yake nyuma ya tangi la maji, nikamvuta kwa mkono wa koti, namwambia njoo, njoo, leo tunamaliza haya mambo. Alipoona nani amekaa pale alikaza miguu. Nikamsukuma. Nilikuwa nacheka, Ngai wangu, nilikuwa nacheka! Nikachukua mkono wake nikachukua mkono wa mama nikaiunganisha. Nikasema, haya, salimianeni, mle sahani moja, yaishe.

Obiero aliuchomoa mkono kana kwamba umeungua. Akageuka akakimbia. Akapita ukumbi, akapita mizani, akapita lango akiwa na aproni na gamboti za kampuni, mlinzi akimwita. Hakurudi.

Mama Dorca alibaki kwenye benchi. Alikuwa amejifunika kichwa kizima kwa aproni na chini yake anasema neno moja mara nyingi, silijui. Seline alikuja akamwinua. Alipopita karibu nami akasema kwa Kiswahili, nielewe vizuri, "Wewe umetuua."

Nimefanya nini? Nimenunua chakula!

Jioni Waliaula amepitisha kichwa dirishani. Kutoroka kazini, anasema. Safi kabisa. Sababu imejileta yenyewe, tunahitaji jina tu.

Alhamisi, 14 Machi

Obiero hayupo. Wengine wanakata samaki bila kuinua macho. Hakuna anayecheka chooni tena. Ni afadhali walivyokuwa wanacheka.

Saa kumi Mama Dorca akaja kwenye kiofisi changu cha vioo. Hajawahi kupanda ngazi hizi. Alishikilia mlango apumzike, miguu hiyo.

Akasema, "Madam, nasikia unaandika mtu."

Nikamwambia ndiyo.

"Andika mimi."

Nikadhani sikusikia vizuri. Nikamuuliza kwa nini, wewe hukutoroka, wewe ndiye kisu changu bora. Akaangalia sakafu. "Andika mimi. Huyo mwingine mwache arudi kwa mlango." Hakulitaja jina la Obiero. Hata mara moja! "Huyo mwingine," basi.

Nikamwambia, mama, kampuni si genge la sokoni, huwezi kuja kunichagulia nani atoke. Kama mna mambo yenu nieleze. Alifungua mdomo. Nikaona aibu inampanda usoni, mtu mzima kiasi hicho, akawa kama msichana. Akasema, "Hiyo si maneno ya kuambia mtu." Akashuka ngazi moja moja.

Kiburi! Basi na abaki nacho. Nitamwandika Obiero.

Ijumaa, 15 Machi

Fomu iko mezani. Jina la mfanyakazi. Miaka ya kazi. Sababu. Sahihi ya supavaiza. Nimeandika "Obi" kalamu ikaisha wino. Nimechukua fomu nyingine, nikaiweka mkobani, nitaandika Jumatatu. Mkono unauma mpaka begani. Sili, silali, nasikia baridi nikiwa juani.

Jumamosi, 16 Machi

Nimetoka kazini saa saba, nimemkuta Wamaitha amefunga kibanda mapema ananingoja mlangoni, mikono kiunoni. Hakunikaribisha. Akaniuliza kwa Gĩkũyũ, taratibu, kama anamwuliza mtoto aliyevunja kitu: ni kweli ulimlisha mtu na mama mkwe wake sahani moja?

Nikasema nini?

Akasema Kibuye yote inajua. Wanawake wa mgongo wazi, wale wanaonunua mifupa ya samaki langoni kwetu, wameileta sokoni tangu juzi. Mteja mmoja amekataa viazi vyake leo kwa sababu ni binamu yangu. Mama Dorca ana binti, Anyango. Anyango ameolewa na Obiero. Kwa hiyo Dorca ni *maro* wake, mama mkwe, na mkwe na maro hawaangaliani usoni, hawashikani mikono, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja kama kuna nafasi ya kukimbilia. Ndiyo sababu Obiero alisimama kule mlangoni mwaka mzima, na mama kule kwenye mizani. Walikula kwa zamu. Mmoja akienda chooni mwingine anangoja. Ukumbi mzima uliwasaidia kupishana, kila siku, bila neno. Na mimi nikaja na chaki.

Nikamwambia Wamaitha, sasa mbona hakuna aliyeniambia! Ningejuaje! Nikapiga kelele mpaka mama wa nyumba akatoka.

Akasema, "Wewe uliuliza nani?"

Nikasema hizi ni desturi zao, mimi si wa hapa.

Hapo ndipo Wamaitha alipokasirika kweli. "Desturi zao? Na *thoni* ni ya nani?"

Nimekaa chini.

Thoni, haya ya wakwe. Kwetu. Baba yangu hakuwahi kuingia jikoni kwa nyanya yangu mzaa mama. Bildad aliponioa, siku alipokuja nyumbani alikaa nje karibu na ghala, shingo imeinama, na mama akanipa mimi chakula nimpelekee, yeye akapita nyuma ya nyumba wasikutane. Nilikuwa hapo! Nilibeba ile sahani mwenyewe! Nikaona ni heshima, nikaona raha, bwana wangu anajua adabu. Bildad alishaniacha, lakini sahani ile naikumbuka ilivyokuwa na maua ya bluu.

Hayo yote yalikuwa ndani ya kichwa changu. Siku nane nimewaangalia kwa saa mkononi sikuona kitu.

Siwezi hata kusema Wajaluo wamenidhulumu. Nataka sana kusema hivyo.

Jumapili, 17 Machi

Wamaitha alinipeleka mpaka Otonglo, akaniacha sokoni akasema kilichobaki tembea mwenyewe. Nilipouliza nyumba ya Mama Dorca muuza nyanya alinionyesha kwa kidevu. Wananijua hata huku.

Anyango ndiye aliyekuwa mlangoni, mtoto mgongoni. Akanitazama toka kichwa mpaka viatu. "Umekuja kuona kama tumekufa?"

Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha. Akasema mume wake amelala kwa ndugu yake tangu Jumatano, anasema hawezi kurudi nyumbani akamwangalia mke wake, maana ameshika mkono uliomzaa. "Huo msamaha yako nitampelekea kwa nini, kwa kikapu?"

Mama yake akamwita ndani kwa ukali. Mimi nikaitwa baadaye.

Mama Dorca alikuwa kwenye kiti, miguu ndani ya karai la maji ya moto na chumvi. Bila gamboti ni miguu ya kutisha. Imepasuka, nyeupe, kucha zimelainika. Miguu yangu itakuwa hivyo. Alinipa mkono. Ndiyo mara ya kwanza tunashikana mikono, mimi na yeye, miezi minane meza kwa meza.

Nilisema nilichokuja kusema. Nikasema sikujua. Akasema, "Najua hukujua." Hakusema ni sawa. Nilingoja aseme ni sawa, hakusema.

Kisha nikaletewa samaki. Mbuta wa kuchemsha na ugali. Sijala samaki tangu nije Kisumu, najivunia hilo, namwambia kila mtu. Anyango alisimama pale mlangoni ananitazama nitafanya nini. Nikala. Nikala mpaka shavu la kichwa. Ni tamu. Nimekasirika kwamba ni tamu.

Nikamwambia mama, rudi kesho, Obiero namrudisha mlangoni, wewe kwenye mizani, kama zamani. Akatikisa kichwa.

"Zamani imeisha. Ulimfanya anishike mbele ya watu. Sasa akiniona tu hapo kwa ukumbi atakumbuka, na mimi nitakumbuka, na hao wengine wanaangalia. Mmoja atoke. Yeye ana watoto wadogo. Na mimi nimechoka, nyathina. Si wewe peke yako umenichosha, usijipe hiyo yote. Nimesimama kwa maji miaka kumi na moja. Hata ungekuwa mtu mzuri ningechoka."

Nyathina. Mtoto wangu. Aniite hivyo mimi, kati ya watu wote!

Nilipoinuka akanishika mkono wa nguo. "Andika mimi. Lakini kuna pahali ya sababu. Seline anajua kusoma, ameniambia kuna pahali ya sababu. Usiandike nimeshindwa na kazi. Usiandike mimi mvivu. Usiandike huyo mwingine alitoroka. Andika kitu ya ukweli."

Nikasema nitaandika.

Kutoka huko mpaka barabarani nimelisema jina la Thika kwa sauti, mara nyingi, nione kama bado linanifurahisha.

Jumatatu, 18 Machi, saa mbili kasorobo asubuhi

Naandika kwenye kiofisi cha vioo. Wako chini wanafunga aproni.

Nilifika wa kwanza. Nilifuta ubao kwa kiwiko. Walipoingia nikasimama mlangoni, pale kwa Obiero, nikanyoosha mkono. Wengine walinipa vidole, wengine walinipa kifundo cha mkono wakasema mkono umelowa, na kazi hata haijaanza. Seline aliuweka wake nyuma ya mgongo akapita. Sasa ubao ni mtupu na hakuna anayezungumza.

Mama Dorca hajaja. Kisu chake nimekikuta juu ya meza yangu, kimenolewa, kimefungwa ndani ya aproni iliyofuliwa. Mlinzi anasema kimeletwa na mjukuu alfajiri. Obiero yuko nje ya lango. Namwona hapa dirishani. Amevaa gamboti za kampuni, kidole amekifunga kitambaa, ameangalia barabara. Hataki kuingia mpaka aambiwe nani yuko ndani.

Waliaula amepiga simu kutoka ofisi kubwa. Nikamwambia yote. Alisikiliza, kisha akacheka, safari hii kidogo. Anasema mambo ya wakwe yabaki Otonglo. Anasema andika Obiero, kutoroka kazini, maneno mawili, bahasha ifungwe. Nikamwambia na kama nitaandika ilivyokuwa? Akasema, andika, Nairobi wanajua kusoma. Watasoma supavaiza aliharibu meza nzima siku nane. Thika hawatamtaka mtu kama huyo, na hapa pia sijui. Atapanda saa mbili kamili achukue karatasi.

Nyaguthii ameniandikia barua, mama amemshikia kalamu. Nimeisoma asubuhi hii. Anauliza: Gakenia, utakuja lini?

Fomu iko hapa. Nimeanzia chini, kwenye sababu, kwa kuwa hilo tu ndilo niliombwa. Nimeandika:

*Alisimamishwa uso kwa uso na mkwewe siku nane, akalazimishwa kumshika mkono na kula naye. Supavaiza hakuuliza.*

Nimesoma mara mbili. Yeyote nitakayemwandika hapo juu, Mama Dorca au huyo mwingine, maneno ni yaleyale na hakuna uongo. Nimetia sahihi yangu kabla mkono haujabadilisha nia.

Chini kule wamesimama na visu, hawajaanza. Wote wameinua macho kwenye kioo changu. Barafu ya samaki inayeyuka, maji yanapita kwenye viatu vyao.

Saa mbili. Namsikia Waliaula kwenye ngazi, anapiga mluzi. Mahali pa jina bado ni peupe.